Kitambulisho cha Makopa

Tulikuwa tumeshateremka mlima wa Newala, breki za gari la Alfani zinanuka, ndipo Ambrosi akajipapasa kifuani na kunyamaza. Ambrosi ni mtu wa kunyamaza siku zote, lakini kunyamaza huku kulikuwa kwa mtu aliyemeza mfupa. Nikamuuliza kuna nini. Akatoa kwenye mfuko wa shati kile kimfuko cha nailoni alichokuwa akikitunza kama yai, kimfuko anamoweka kitambulisho chake cha taifa, akakifungua mapajani.

Ndani hamkuwa na kitambulisho. Mlikuwa na kipande cha makopa, muhogo mkavu, kimechongwa pembe nne kwa ukubwa uleule wa kadi. Juu yake mtu alikuwa amechora kwa mkaa uso wenye masharubu.

"Huyu ni mimi?" akauliza Ambrosi.

Alfani, dereva wetu, akaegemea kutazama. "Masharubu wameyapatia, babu," akasema, akarudi kwenye usukani wake.

Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na nataka msomaji alikumbuke hilo, kwa maana lina mwisho wake.

Tulikuwa tunakwenda Mtwara, na kesho yake tupande ndege kwenda Dar es Salaam. Si kwamba tulikuwa watu wa ndege. Mvua za mwaka ule zilikata barabara kule Kilwa, mabasi yakalala pande zote mbili za maji, na Anjelina hangeweza kungoja. Anjelina ni mtoto wa marehemu Paulina, dada yake Ambrosi wa tumbo moja. Alikuwa Dar anasomea uuguzi, amebakiza mwaka wa mwisho, na akapata mchumba, kijana wa Kigoma aitwaye Barnaba. Kijana hakuwa na ubaya. Wazee wake ndio waliotaka harusi mara moja na bibi harusi ahamie Kigoma, masomo atayaona mbele ya safari. Na Godfrey, ndugu yake marehemu baba wa Anjelina, ambaye anakaa Dar na anapenda kuonekana mkubwa kwenye vikao, alikwisha kuwaambia hakuna tabu.

Kwetu sisi lakini mtoto ana mjomba. Baba mdogo anaweza kukaa, kula na kusifu chakula. Neno la kumtoa binti ni la mjomba, yule aliyenyonya ziwa moja na mama yake. Basi Anjelina alimpigia simu Ambrosi akamwambia, mjomba, usipokuja kukalia kiti chako atakikalia baba mdogo, na mimi ndiyo basi shule. Akatukatia tiketi mbili. Moja ya Ambrosi mwenye kiti, na moja yangu mimi, Vitalis, mtoto wa mama yake mkubwa. Mimi nilikuwa msemaji. Ambrosi akisimama mbele za watu sauti inamkimbia, inabaki midomo tu inacheza kama ya samaki. Mimi nimetembea nchi hii tangu ujana, nimepasua mbao, nimechunga mbuzi wa watu, nimesoma darasa moja hapa na jingine kule bila kumaliza lolote, lakini maneno sijawahi kukosa.

Sasa kitambulisho kilikwenda wapi? Hakuna aliyehitaji kuuliza. Jana yake tulikuwa msibani Mnyambe, tunamzika Mzee Petro, mtu aliyeshiba miaka. Ambrosi alikuwa amenyolewa kichwa kama wafiwa wengine, amekaa kwenye mkeka, na badala ya kuomboleza akawa anaonyesha watu kitambulisho. Akieleza kwa ile sauti yake ya chini kwamba keshokutwa anapanda ndege, na kwamba ndegeni hupandi bila hiki. Kikapita mkono kwa mkono. Kikafika mkononi mwa Rahima, Mama Sharifu wa Lukuledi, naye ni mtani wa ukoo wetu.

Mtu mwenye akili anaonyesha mali yake mbele ya mtani msibani? Pale ndipo mtani anapokuwa na leseni. Watani ndio wanaopika, wanaochota maji, wanaomtukana marehemu ili wafiwa wacheke, na katika kazi hiyo wanachukua wanachotaka mpaka mwenyewe akomboe. Mwaka juzi Rahima alichukua kiatu kimoja cha katekista, ibada ikaendeshwa kwa mguu mmoja. Na ukombozi una sheria zake. Aliyechukuliwa aende mwenyewe, asiende mikono mitupu, na asikasirike. Ukikasirika unakomboa mara mbili.

Alfani, kijana wa mjini, akashauri njia nyepesi. Masasi kuna polisi, akasema, tupite pale, babu aandikishe kwamba kadi imepotea, apewe karatasi, uwanjani wanaikubali.

Ambrosi akatikisa kichwa. "Haijapotea. Iko kwa mtani."

"Basi sema imeibiwa."

Hapo nikaingilia mimi. Nilimweleza Alfani kwamba mtani haibi. Ukimpeleka mtani polisi umekata utani, na ukikata utani, siku yako ya kufa nani atakuchimbia na nani atakutukana? "Mtani hashitakiwi," nikasema. "Hata akichukua ndege yenyewe." Nilisema kwa sauti, na Alfani ni shahidi.

Njia nzima mpaka Masasi Ambrosi alikuwa anawaza upande mwingine. Akaniuliza hivi hiyo Dar ni nchi nyingine. Nikamwambia si nchi nyingine. Akauliza, kati ya Mtwara na Dar kuna mpaka? Hakuna. Sasa kadi ya nini? Swali lake lilikuwa la haki. Mimi nimevuka Ruvuma kwenda Msumbiji kwa mtumbwi mara nisizozijua, kuzika na kuozesha, maana nusu ya ukoo iko ng'ambo. Huo ndio mpaka wenyewe, wa serikali mbili, na swali pekee nililowahi kuulizwa na mpiga kasia ni kama najua kuogelea. Lakini kupita juu ya nchi yako mwenyewe, kutoka kwa ndugu zako kwenda kwa ndugu zako, unaambiwa uthibitishe kwamba wewe ni wewe.

"Labda wanaogopa mtu akifika juu atabadilika," akasema Ambrosi.

Masasi tukasimama chini ya yale majabali, Alfani akashusha mzigo wake, sisi tukaingia sokoni kutafuta jogoo. Ambrosi alichagua mwekundu mwenye kifua. Kisha tukashika njia ya Nachingwea, tukaenda Lukuledi.

Rahima alikuwa anatungoja, na hakuwa peke yake. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mikeka kama watu walioalikwa, na kumbe walialikwa. Kati ya mipapai miwili alikuwa amefunga kamba. Nyuma ya kamba palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda Rahima mwenyewe, amevaa juu ya kanga kile kizibao cha kung'aa cha mwanawe Sharifu wa bodaboda. Mbele yake ungo mkubwa. Pembeni tenga la kuku limelazwa chini, mdomo huku na tundu kule.

Sikuamkia. Mtani haamkiwi. Nikamuuliza amevaa nini, anaongoza magari?

"Abiria wasipige kelele," akasema Rahima. "Wasimame nyuma ya kamba."

Ndipo ikajulikana chanzo. Mwaka uliopita mwanawe mkubwa alimpeleka Dar kwa ndege akatibiwe macho. Pale uwanjani walimvua ndala. Walimpitisha mlangoni, mlango ukalia, wakamrudisha, ukalia tena, kumbe ni pini za kanga. Wakamfungulia mpaka kibweta cha ugoro, msichana mmoja akaunusa akapiga chafya mbele ya watu wote. Na jina lake akaulizwa mlangoni, akaulizwa mezani, akaulizwa tena kwenye ngazi. Ndege yenyewe haikutoka nje ya Tanzania, akasema, lakini yeye alihojiwa kama ametoka mwezini. Tangu siku ile alikuwa anatafuta wa kumlipizia. Mungu akamletea Ambrosi anayejivuna na kadi kwenye mkeka wa msiba.

"Abiria wa kwanza. Viatu kwenye ungo."

Ambrosi akavua viatu. Akaambiwa mkanda. Akavua mkanda, akashika suruali kwa mkono mmoja na jogoo kwa mkono mwingine. Watu wakaanza kucheka wakiwa wamefunika midomo.

"Wewe nani?"

Ambrosi akajibu. Kamba haikusikia, wala mimi niliyekuwa mgongoni kwake.

"Sisikii. Rudi nyuma ya kamba, uje upya."

Akarudi, akaja upya. Wewe nani, unakwenda wapi, nani kakutuma? Safari hii ilisikika herufi mbili tatu. Rahima akaweka mkono sikioni, akasema ndege inaunguruma, abiria arudi nyuma ya kamba. Nikaona shingo ya Ambrosi imeanza kuvimba, nikamnong'oneza asikasirike, jogoo ni mmoja tu. Akarudi. Na aliporudi mara ya tatu, sijui ni suruali iliyokuwa inateleza au ni nini, sauti ikamtoka ambayo sijawahi kuisikia tangu tunacheza wote utotoni.

"Mimi Ambrosi! Mjomba wa Anjelina! Nakwenda Dar kuwaambia watu mtoto haendi popote mpaka amalize uuguzi wake! Nimetumwa na dada yangu Paulina, na amelala kaburini!"

Kuku wa Rahima wakatawanyika. Mama mmoja akasema amina.

Rahima akamtazama. Nadhani hata yeye hakutegemea. Lakini mtani hatoi chozi mbele ya mtani. Akamnyooshea kidole jogoo. "Na huyu mwenzio, kitambulisho chake kiko wapi?"

Mimi wakati huo nilikuwa chini. Nilikuwa nimekaa mchangani, machozi yananitoka kwa kucheka, napiga mapaja. Rahima akanyanyuka kwenye kigoda.

"Na huyu kicheko. Simama. Koti kwenye mashine."

Mashine ilikuwa lile tenga la kuku. Nikavua koti langu bila kuacha kucheka, yeye akalisukuma kwa mdomo wa tenga, akanipapasa mbavu kwa mwiko wa ugali, akanizungusha, akaniuliza kama nimebeba kitu chenye ncha kali mbali na ulimi. Upande wa pili wa tenga shoga yake Bibiana akalipokea koti, akalikung'uta mavi ya kuku, akanirudishia limekunjwa vizuri. Nikasema moyoni, hawa kweli wamefika uwanja wa ndege.

Jogoo akapokelewa. Kitambulisho kikatoka kwenye pindo la kanga, Ambrosi akakifuta na kukitazama mbele na nyuma. Tukalishwa ugali wa makopa na mbaazi, na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kutafuna njiani. Rahima akatusindikiza mpaka kwenye gari. Akamwambia Ambrosi asiweke tena kadi kwenye shati, aweke mahali ambapo mtani ataona aibu kutia mkono. Mimi akaniambia, "Mzee Vitalis, safari njema. Nitakukumbuka." Nikamwambia na mimi nitamkumbuka.

Tulilala Mtwara kwa ndugu yake Alfani. Asubuhi tukafika uwanjani mapema, Ambrosi katia kadi soksini. Alfani akatusindikiza mpaka ndani, pale wanapopokea tiketi.

Mezani alikuwapo binti mmoja, kibao cha kifuani kinasema Rose. Akatuamkia shikamoo kwa heshima, tukaitika marahaba. Ambrosi akainama, akachimba soksi, akatoa kitambulisho. Rose akatazama picha, akatazama uso, akatazama kichwa kilichonyolewa.

"Babu, hapa una nywele."

"Nimefiwa," akasema Ambrosi, na alisema kwa sauti ya kusikika.

Rose akampa pole, akampa karatasi ya kupandia. Ilikuwa zamu yangu. Nikatia mkono kwenye koti, mfuko wa ndani, nikatoa kile kipochi changu cha ngozi ambacho kimezunguka na mimi nchi hii yote, nikakifungua mbele yake kwa madaha kidogo, kama mtu mzoefu.

Rose aliinama kukitazama vizuri alichokiona. Kisha akasema, kwa upole, "Babu, huu ni muhogo."

Ulikuwa muhogo. Umechongwa pembe nne. Na uso uliochorwa kwa mkaa haukuwa na masharubu wala macho. Ulikuwa mdomo tu, umeachwa wazi, meno nje, unacheka.

Nyuma yangu nikasikia Alfani anakohoa. Hakuwa na kifua.

Nilijitahidi. Nilimweleza Rose kwamba mimi naitwa Vitalis na kila mtu kuanzia Newala mpaka Nachingwea ananijua. Akasema anaamini. Nikamuuliza kati ya hapa na Dar mpaka uko wapi.

"Hakuna mpaka, babu," akasema. "Lakini tiketi ina jina, na jina lazima lije na mwenyewe."

"Mwenyewe si huyu hapa?"

"Nitajuaje?"

Akaniuliza kama nina kadi ya kura, leseni, chochote chenye picha. Vyote vilikuwa kwenye kipochi, na kipochi kilikuwa na muhogo. Basi akasema kuna polisi palepale uwanjani, niende nikaseme kadi imepotea au imeibiwa, wataniandikia, na yeye atanisubiri mpaka wafunge.

Nikageuka. Alfani alikuwa amesimama, mikono nyuma, uso kama wa mtoto wa kipaimara.

"Mtani hashitakiwi, babu," akasema. "Hata akichukua ndege yenyewe."

Ningeweza kwenda. Nani angejua? Angejua Alfani, na kabla ya jua kuzama ingejua Masasi yote, na Rahima angenyanyuka kwenye kile kigoda akasema utani umekwisha. Sikwenda.

Ambrosi alinishika mkono wa koti. Uso ulikuwa umeshuka. Nilijua anachokiona: kile kikao, wale wazee wa Kigoma, Godfrey kwenye kiti, na midomo yake yeye inayocheza bila sauti. Mtoto wa dada yake anapakiwa kwenye gari na vitabu vimebaki.

"Nani atasema?" akaniuliza.

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa kwa ajili ya kikao kile, mafumbo na mifano, ningeweza kumpa mawili matatu. Lakini nilimwona pale, kashika karatasi yake kwa mikono miwili, na viatu vyake havijafungwa kamba, nikakumbuka suruali.

"Rudi nyuma ya kamba," nikamwambia. "Uje upya."

Akanitazama. Kisha akatoa kicheko kimoja, kifupi, cha puani. Akainama akafunga viatu na akaenda. Alipopita ule mlango unaolia, haukulia.

Yaliyotokea Dar nilisimuliwa na Anjelina kwa simu. Anasema mjomba alipofika, Godfrey alikuwa amekwisha kukalia kiti, na wazee wa Kigoma wamekwisha kunywa soda. Ambrosi hakuketi. Alisimama palepale kizingitini akamtazama Godfrey, akamuuliza, wewe nani, unakwenda wapi, nani kakutuma? Godfrey akacheka akidhani ni salamu. Ambrosi akauliza tena, juu zaidi. Alipouliza mara ya tatu jirani wa nyumba ya pili alifungua dirisha. Godfrey akanyanyuka mwenyewe, akasema alikuwa anakipasha kiti moto tu. Wazee wa Kigoma nao wakapangwa mstari, wakaulizwa mmoja mmoja jina, ukoo na mjomba, wakajibu. Baada ya hapo Ambrosi akasema lile neno moja alilotumwa, akakaa, na hakusema jingine mpaka chakula.

Anjelina alimaliza uuguzi mwaka uliofuata, akaolewa baada ya kufaulu, sasa yuko Kigoma hospitalini. Barnaba alingoja. Godfrey anahudhuria vikao vya watu wengine. Rose alihamishiwa uwanja mwingine, sijui upi. Alfani alinunua gari jingine, nalo breki zinanuka. Ambrosi alirudi kwa basi barabara ilipofunguka na hajapanda ndege tena. Jogoo mwekundu aliliwa siku ileile tuliyoondoka Lukuledi. Mimi nilirudi Lukuledi na jogoo wa pili, nikasimama nyuma ya kamba, nikarudishiwa kitambulisho changu na kadi nyingine zote. Kile cha makopa Rahima alikitwanga, tukala.